Anza na Nchi, si na Chungu: Kufundisha Chakula cha Wainuit

Miongoni mwa mada zinazoonekana nyepesi katika azimio la kazi, lakini zikamjaribu sana mwalimu afikapo darasani, ni ile ya maisha ya watu wa nchi za baridi kali. Mwalimu huipokea kwa furaha, kwa kuwa anajua watoto watasisimka. Atataja nyumba za theluji, atataja mbwa wanaokokota magari yasiyo na magurudumu, na mwishowe atafika kwenye chakula. Hapo atatamka kwamba watu hao hula nyama mbichi na mafuta ya wanyama wa baharini, na darasa zima litaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho ninachokusudia kukizungumza katika makala haya.

Kwa miaka mingi nimeketi nyuma ya madarasa nikiwatazama wanachuo wakifanya mazoezi ya kufundisha, na kicheko hicho nimekisikia mara nyingi. Wako wanaokihesabu kuwa dalili ya somo lililofaulu, maana watoto wamechangamka. Mimi nakihesabu kuwa dalili ya somo lililoanzia mahali pasipofaa. Mtoto aliyecheka ametoka darasani na jambo moja tu, kwamba wako watu duniani wasiojua kupika. Jambo hilo si la kweli. Tena lina madhara karibu na nyumbani, kwani mtoto aliyezoezwa kumcheka mtu wa mbali kwa sababu ya chakula chake hatashindwa kumcheka mwenzake wa dawati moja kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa maoni yangu, chakula cha watu ni jibu walilolipata kwa swali walilowekewa na nchi yao. Mwalimu akilitaja jibu kabla ya swali, watoto watastaajabu na kucheka. Akiliweka swali kwanza, watafikiri, na aghalabu watalifikia jibu wao wenyewe. Nitaeleza jinsi ninavyoliandaa somo hili, pamoja na maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo kabla ya kushika chaki.

Jina na nchi

Tuanze na jina. Vitabu vingi vya zamani huwaita watu hawa Waeskimo. Jina hilo walipewa na wengine, na wengi wao huliona kuwa la dharau. Mwaka 1977 wajumbe wa jamii hizi kutoka nchi mbalimbali walikutana Alaska wakaunda baraza lao la pamoja, na jina walilolichagua ni Inuit, maana yake "watu". Makao yao ni kaskazini ya Kanada, Greenland na Alaska, na ndugu zao wa karibu wako hata ng'ambo, kwenye ncha ya mashariki ya Urusi. Mwalimu aandike jina hilo ubaoni na maana yake. Ni hatua ndogo, lakini mtoto ajuaye kwamba watu hawa hujiita "watu" amekwisha kuanza kuwaona hivyo.

Baada ya jina, nchi. Sehemu kubwa ya makao yao iko kaskazini ya mstari ambapo miti hukoma kuota. Chini ya udongo kidogo wa juu, ardhi imeganda mwaka mzima, kiasi kwamba jembe haliwezi kuipasua. Wakati wa baridi kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 30 za Selsiasi kupita sifuri, na bahari yenyewe huganda ikawa uwanja wa kutembelea. Mahali pengi jua halichomozi kabisa kwa majuma kadhaa, na kiangazi nacho hudumu kwa muda mfupi tu.

Mambo haya yakishaandikwa ubaoni, mwalimu asiendelee kueleza. Aligawe darasa katika vikundi na kuuliza: "Ninyi ni familia iliyo katika nchi hii. Mtakula nini, na mtakipikaje?" Kikundi cha kwanza daima husema watapanda mahindi. Wenzao huwajibu kwamba ardhi imeganda. Cha pili husema watafuga ng'ombe, nao huulizwa ng'ombe watakula nini wakati theluji imefunika nchi. Kidogo kidogo macho ya darasa hugeukia bahari. Humo ndimo Wainuit nao walimoelekea.

Bahari huwapa sili, nyangumi, samaki wa jamii ya samoni, na walrasi, yule mnyama mzito mwenye pembe mbili mfano wa ndovu. Bara huwapa karibuu, mnyama wa jamii ya kulungu ahamaye kwa makundi makubwa. Kiangazi huwapa mayai ya ndege, matunda madogo ya porini, mizizi na majani machache, na ufukoni huchuma mwani. Lakini kwa familia nyingi za pwani tegemeo la wakati wa baridi lilikuwa sili. Mnyama huyu huvuta hewa kama sisi, kwa hiyo hukwangua matundu katika barafu kwa makucha yake na kuyaweka wazi muda wote wa baridi. Mbwa hulitafuta tundu kwa kunusa, kisha mwindaji husimama kando yake na chusa mkononi, bila kutikisika, pengine kwa saa nyingi, akingoja dalili ndogo ya pumzi. Sili ana matundu kadhaa, na hakuna ajuaye atatokea lipi. Ilikuwa desturi, mnyama akishapatikana, kumtia maji matamu kinywani. Walisema kwamba mkazi wa maji ya chumvi huwa na kiu, na kwamba aliyetendewa wema angekubali kuwindwa tena.

Mafuta yaliyo chakula na kuni

Sasa lije swali la pili: watakipikaje? Hapo kuna fundo la somo zima, nami huwasihi wanachuo wasilipite haraka. Mtoto wetu anapofikiri juu ya kupika hufikiri kuni au mkaa. Mahali pasipo mti, kuni zitatoka wapi? Kwenye pwani chache bahari huleta magogo yatokayo mito ya mbali, lakini hayo ni ya thamani mno kwa kutengenezea mitumbwi na vyombo hata yasitupwe motoni.

Jibu la Wainuit lilikuwa taa ya jiwe iitwayo kuliki. Huchongwa katika jiwe laini kwa umbo la nusu mwezi. Kando ya ukingo wake ulionyooka hupangwa utambi wa nyuzi laini za mimea midogo ya nchi ile, zifananazo na pamba, na ndani yake huwekwa shahamu ya sili iliyopondwa ili itoe mafuta. Mwenye taa alikuwa mwanamke, na kuiangalia ilikuwa kazi ya ustadi: aliusawazisha utambi mara kwa mara ili moto uwe mrefu bila kutoa moshi. Juu ya taa alitundika chungu cha jiwe. Taa hiyo moja iliangaza nyumba na kuitia joto, ikayeyusha theluji ili watu wapate maji ya kunywa, ikakausha mavazi yaliyolowa, na ikachemsha nyama. Mwindaji aliyelala na viatu vilivyolowa angeweza kupoteza vidole vya miguu kesho yake. Kwa hiyo kukausha viatu kulikuwa na haki juu ya moto ule sawa na kupika.

Mwalimu aulize: mafuta ya taa yanatoka wapi? Kwa sili. Na chakula kinatoka wapi? Kwa sili yule yule. Nakumbuka kijana wa darasa la tano aliyenyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi mafuta yale yale ndiyo chakula na ndiyo kuni." Kila kipande cha shahamu kilichochomwa ni kipande ambacho hakikuliwa. Familia iliyochemsha kila tonge ingeweza kuyamaliza mafuta kabla ya baridi kwisha, ikakaa gizani bila maji ya kunywa. Basi walichemsha baadhi ya nyama na kunywa mchuzi wake wa moto uliochanganywa na damu. Nyingine waliila ikiwa imekauka, imeganda, au mbichi. Nyama iliyoganda hukatwa kwa ulu, kisu cha mwanamke chenye makali ya mviringo, vipande vyembamba vinavyoyeyuka kinywani. Huo si upungufu wa mapishi. Ni hesabu ya nyumba iliyofanywa vizuri.

Ubichi na afya

Iko sababu nyingine, na hii hufaa kuunganishwa na somo la afya. Sisi huwafundisha watoto kwamba mwili wahitaji vitamini C, na kwamba huipata katika machungwa, mapera na mboga. Asiyeipata hushikwa na kiseyeye: ufizi hutoka damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka, na mwisho ni kifo. Mabaharia wengi wa Ulaya walikufa kwa ugonjwa huo katika safari ndefu. Je, watu wasio na bustani waliokokaje?

Vitamini C imo pia katika viungo vya wanyama, ila moto mwingi huiharibu. Maktaki, yaani ngozi ya nyangumi pamoja na shahamu iliyo chini yake, ina vitamini hiyo kwa wingi ikiliwa mbichi, nalo ini la sili na la karibuu linayo. Tena mafuta ya wanyama wa baharini na samaki yana vitamini D, ambayo sisi huipata bila kufikiri kwa kutembea juani. Watu wasiolichoma shahamu yote, wala kuitokosa nyama yao yote, walikuwa wakijikinga na ugonjwa ambao madaktari wa Ulaya walichelewa sana kuuelewa.

Hapa mwalimu aweza kusimulia habari mbili. Mwaka 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na merikebu mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari kaskazini ya Kanada. Walichukua vyakula vya makopo na vinginevyo vya kuwatosha miaka mitatu. Barafu ilizishika merikebu, na mwezi Aprili 1848 waliokuwa hai waliziacha wakajaribu kutembea kuelekea kusini. Watu 129 walipotea wote. Mabaki ya merikebu yalipatikana chini ya bahari mwaka 2014 na 2016. Wataalamu bado wanabishana ni lipi lililowaua zaidi, njaa, maradhi au baridi. Lisilo na ubishi ni kwamba walikufa katika nchi ambamo familia za Wainuit zilikuwa zikiishi na kulea watoto.

Habari ya pili ni ya Vilhjalmur Stefansson, msafiri aliyekaa miaka mingi miongoni mwa Wainuit na kula chakula chao. Aliporudi wengi hawakumsadiki. Basi mwaka 1928, yeye na mwenzake Karsten Andersen walikubali kula nyama na mafuta tu kwa mwaka mmoja mjini New York, madaktari wakiwapima. Mwanzoni Stefansson alipewa nyama isiyo na mafuta, akaugua baada ya siku chache. Aliporudishiwa mafuta, akapona. Mwaka ulipokwisha madaktari hawakuona kwao dalili ya kiseyeye. Mwalimu asiwaambie watoto kwamba chakula hicho kinafaa kila mahali, bali awaonyeshe jambo ambalo Wainuit walilijua kabla ya vipimo vyo vyote: nyama iliyokonda pekee haimwezeshi mtu kuishi, na shahamu ndiyo iliyokuwa nafaka yao.

Kuhifadhi na kugawana

Wanyama hawaji kila siku, kwa hiyo chakula cha kiangazi hapana budi kifike majira ya giza. Wainuit hukausha samaki na nyama kwa upepo. Mtoto wa pwani yetu aliyemwona ng'onda hatahitaji maelezo marefu hapo. Hugandisha, maana nchi yenyewe ni jokofu. Tena huvundika. Kaskazini ya Greenland hutengeneza kiviaki: ngozi ya sili yenye shahamu ndani hujazwa mamia ya ndege wadogo wa baharini, hewa ikakamuliwa, mshono ukapakwa mafuta, kisha mzigo huo hufunikwa mawe kwa miezi mitatu hivi au zaidi. Hutolewa wakati wa baridi, mara nyingi kwa ajili ya sherehe. Kwingine huvundika nyama ya walrasi, waiita igunaki.

Kazi hii ina elimu yake, na asiyeijua huweza kufa. Huko Alaska watu walipoanza kuvundika chakula katika vyombo vya plastiki vilivyozibwa, badala ya ngozi na mashimo ya ardhini, sumu ya botulizimu ilizidi kuwadhuru, kwani joto na ukosefu wa hewa ndani ya plastiki huistawisha. Vivyo hivyo, wazee waliwakataza watu kula ini la dubu mweupe, nalo lina vitamini A nyingi kiasi cha kumsumisha mtu. Mwalimu awaulize wanafunzi: mzee asiyekuwa na maabara alijuaje? Swali hilo huwafunza kuheshimu uchunguzi uliofanywa kwa macho na kumbukumbu kwa vizazi vingi.

Hifadhi iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa jirani. Miongoni mwa Wanetsilik, Wainuit wa Kanada, mwindaji alikuwa na washirika maalumu, na kila mshirika alikuwa na pande lake la sili lililojulikana. Aliyepata leo aligawa, aliyekosa leo alipokea, na kesho mambo yaligeuka. Mahali ambapo mtu hodari aweza kungoja siku nzima bila kupata kitu, kula peke yako ni kujitafutia njaa.

Tusiwaweke makumbusho

Yafaa mwalimu akumbuke pia kwamba watu hawa wapo leo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa elimu Jerome Bruner aliongoza wenzake wa Marekani kuandaa somo kwa watoto wa miaka kumi hivi, na sehemu kubwa yake ilitegemea filamu za Wanetsilik. Nia yake ilikuwa njema: watoto wachunguze ni nini kinachomfanya mtu kuwa mtu. Baadhi ya wazazi walichukizwa na picha za kuua wanyama na mambo mengine, na mwaka 1975 ubishi ukafika hadi Bunge la Marekani, fedha zikakatwa. Lakini kuna jambo jingine la kututahadharisha sisi walimu. Filamu zile, zilizopigwa kati ya 1963 na 1965, zilionyesha maisha ya zamani yaliyoigizwa upya. Wenyewe wakati huo walikwisha kuwa na bunduki na bidhaa za dukani. Mwalimu asiyetaja wakati huwafanya watu walio hai waonekane kama mabaki.

Basi aeleze ya leo pia. Wainuit hununua unga, chai na sukari dukani, na mkate wao wa unga uliokaangwa wameurithi kwa wageni walioleta biashara. Lakini bidhaa husafirishwa mbali, nazo ni ghali mno. Uchunguzi wa afya wa 2007 na 2008 uliona kwamba katika jimbo la Nunavut nyumba kama 7 kati ya 10 za Wainuit hazikuwa na hakika ya chakula. Mwaka 1983 nchi za soko la pamoja la Ulaya zilipiga marufuku ngozi za watoto wa sili, na mwaka 2009 zikazuia karibu biashara yote ya sili. Wainuit walitolewa katika makatazo hayo kwa maandishi, lakini bei ilianguka kwao pia, na mwindaji akakosa fedha za risasi na petroli. Sumu za viwanda vya kusini, kama zebaki, hufika hadi katika shahamu ya wanyama wao, na barafu ya bahari inapungua. Pamoja na hayo chakula cha nchi yao bado kinawindwa, kinagawanywa na kupendwa. Nunavut ilipoundwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999, taa ya kuliki iliwekwa katika nembo yake.

Katika chumba cha darasa

Kwa andalio la somo napendekeza vipindi vitatu. Cha kwanza ni cha nchi na swali la vikundi. Cha pili ni cha taa: mwalimu afinyange kuliki kwa udongo, atie mafuta ya kula na utambi wa pamba, aiwashe, kisha watoto wapime kwa saa muda ambao kikombe cha maji huchukua kupata moto. Hakuna maelezo yatakayoshinda kungoja huko. Mwalimu aishike taa mwenyewe, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Cha tatu ni cha kuandika: kila mtoto aeleze chakula kimoja cha kwao ambacho mgeni angekishangaa, na aonyeshe sababu yake katika nchi, majira au kazi ya watu wake.

Kipindi hiki cha tatu kisiachwe. Katika darasa moja nililolitembelea alikuwamo binti ambaye kwao ni Bukoba, naye hakuwahi kutaja senene mbele ya wenzake kwa kuogopa dhihaka. Baada ya kipindi cha taa alisimama akaeleza jinsi senene wanavyokuja kwa majira, jinsi bibi yake anavyowanyonyoa mabawa na miguu, anavyowakaanga na kuwaweka ili wadumu. Wenzake walimuuliza maswali: wanakuja mwezi gani, wanakamatwaje usiku, wanadumu siku ngapi. Hakuna aliyecheka. Swali lao la kwanza, "Kwa nini?", lilikuwa lile walilojifunza kuuliza juu ya sili.

Ndugu mwanachuo, siku utakayotumwa kufundisha mada hii utakuwa na dakika arobaini na kitabu chenye picha moja au mbili. Watoto watakungoja uwachekeshe, na kuwachekesha ni rahisi. Andika kwanza ubaoni kwamba hakuna miti, kwamba ardhi imeganda na jua halichomozi. Kisha ukae kimya uwaache watafute la kula.